Diski ya laptopu inakwama ikisoma, CrystalDiskInfo imegeuka njano: nitoeje mafaili bila kuimaliza?

NyotaYaKusi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kabla sijaharibu zaidi.

Laptopu ina diski ya inchi 2.5, TB 1, ile ya kuzunguka, siyo SSD. Windows 10. Kuwaka hadi kufika dawatini ni dakika 20 hivi. Folda nyingine zinafunguka vizuri, nyingine dirisha linaganda na ule mstari wa kijani unatambaa bila kufika. Juzi ilipowaka iliingia yenyewe kwenye ukaguzi wa diski, ikagota asilimia 11 kwa saa 3, ikazimwa kwa kitufe. Mlio: inazunguka kawaida, ila kila inapoganda inasikika "tik" moja au mbili, kisha inaendelea.

CrystalDiskInfo (programu ya kuonyesha afya ya diski) ni njano. Thamani ghafi:
05 = 30
C5 = 770
C6 = 770
C7 = 0

Ndani kuna GB 610: picha za wateja wa studio (JPEG na RAW), video, na folda ya Excel yenye hesabu za madeni ya miaka 3. Nakala ya mwisho ni ya miezi 7 nyuma.

Nina kompyuta ya mezani nzima, na diski mpya ya nje ya TB 1. Maswali: niendelee kuburuta folda moja moja kwenda diski ya nje? Au niache chkdsk (ule ukaguzi wa diski wa Windows) imalizie? Kuna na jamaa anasema niiweke kwenye friza usiku mmoja, eti ikipoa inaamka.

---

Jua_Kali_47

Mkuu hizo ni sekta mbovu (vipande vya diski visivyosomeka) za kawaida tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, piga chkdsk C: /f /r, iache ilale nayo usiku kucha. Asubuhi unakuta mambo safi.

---

Bisibisi_T6

Jua_Kali, hapana. Mwenye mada, usifanye hivyo, na kwa sasa izime laptopu kabisa, hata usiirudishe Windows "nione kidogo tu".

chkdsk kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili, siyo kuokoa data. Ikikuta rekodi ya folda haisomeki, inaihesabu kuwa mbovu na kuiondoa, na vilivyokuwa ndani ya folda hiyo vinabaki yatima. Ndiyo ile found.000 iliyojaa mafaili ya .chk yasiyo na majina. Hiyo /r nayo inasoma kila sekta ya diski nzima, ikijirudia palepale penye kidonda, na matokeo inayaandika kwenye diski ileile inayokata roho. Kwenye diski yenye afya ni programu nzuri. Kwenye hii ni kumkimbiza mgonjwa uwanjani ili umpime moyo.

Sasa namba zako. CrystalDiskInfo huandika thamani ghafi kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) usipoibadilisha kwenye mipangilio. Kwa hiyo 770 yako siyo mia saba sabini: ni 7×256 + 7×16, yaani 1904. Na 30 ni 48. Tafsiri yake:

05: sekta 48 zimeshahamishiwa kwenye akiba ya diski. Hizo zimekwisha shughulikiwa.
C5 (ndiyo 197 kwenye programu nyingine): sekta 1904 ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. Hapa ndipo Windows yako inapoganda.
C7: makosa ya waya kati ya diski na bodi. Ni 0, kwa hiyo usihangaike kubadilisha kebo.

Diski nyingi za sasa ndani zinaandika kwa vipande vya baiti 4096 ingawa kwa nje zinajitangaza kwa sekta za 512. Kipande kimoja kikifa zinahesabiwa sekta 8. 1904 gawanya kwa 8 ni vipande 238, haifiki hata MB 1. Usishangilie mapema lakini: hiyo ni hesabu ya maeneo ambayo kichwa cha kusomea kimeshapita. Sehemu ambazo hazijaguswa bado hazimo humo.

Ile "tik" ni kichwa kinarudishwa pembeni na kuletwa tena baada ya kushindwa kusoma. Moja moja, na diski inaendelea kusoma: bado unaweza kufanya mwenyewe nyumbani. Ikibadilika ikawa tik-tik-tik ya mfululizo kisha mota inazima, au diski inaonekana ina ukubwa wa 0, au inakwaruza kama msumeno, kata umeme hapohapo. Hapo kichwa kimekwisha au kinagusa kisahani, na kila sekunde ya kuzunguka inakwangua utando wenye data. Hakuna programu ya kutibu hilo. Kuna na mlio wa nne, "mzz-mzz" dhaifu na diski haizunguki: vichwa vimenata juu ya kisahani, mara nyingi baada ya kudondoshwa.

Kuburuta folda nako acha. Windows inaposoma kwa folda, kichwa kinaruka huku na huko, kizuia virusi kinafungua kila faili, vijipicha vinatengenezwa, faharasa inaandikwa, na ikifika sekta mbovu inajaribu tena na tena wakati diski yenyewe nayo kwa ndani inajaribu tena na tena. Unaweza kumaliza uhai wote uliobaki kwenye folda ya picha za harusi moja.

Friza: sahau. Diski ya kawaida ina tundu la kupumulia lenye kichujio. Ukiitoa kwenye baridi na kuiweka kwenye hewa ya Dar au Mombasa, umande unatua juu ya bodi na hata juu ya visahani. Kichwa kinaelea juu ya kisahani kwa nanomita chache tu. Tone la maji kwake ni mlima.

Kinachohitajika ni kusoma diski nzima mara moja, kwa mstari, kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, ukiruka penye ugumu na kupaachia mwishoni. Nakala hiyo ndiyo utakayoihangaikia baadaye, diski yenyewe ikiwa imezimwa.

---

Kebo_Fupi

Naendelea alipoishia Bisibisi, upande wa kazi yenyewe.

Kwanza vifaa. Diski yako mpya ya TB 1 haitoshi. Diski ya TB 1 ina baiti 1,000,204,886,016 (Windows inaiita GB 931), na faili la nakala yake litakuwa na ukubwa huohuo kamili, hata kama umetumia GB 610 tu. Diski nyingine ya TB 1 ukishaifomati, nafasi inayobaki ni pungufu ya hapo, na kazi itagoma kwenye asilimia 99. Tafuta ya TB 2 ya kupokea nakala. Ile ya TB 1 itakuwa ya kutolea mafaili mwishoni. Ya TB 2 ifomati exFAT, NTFS au ext4. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Toa diski kwenye laptopu (chomoa chaja na betri kwanza, shika pembeni, usiguse bodi) uichomeke ndani ya ile kompyuta ya mezani kwa waya wa SATA na waya wa umeme wa SATA. Usipitie USB kama unaweza kuikwepa. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 1 kwenye volti 5, wakati tundu la USB 2 kwa kanuni linatoa 0.5 na la USB 3 linatoa 0.9. Adapta dhaifu huifanya diski itoe mlio wa kugota na kuzimika kana kwamba kichwa kimekufa, kumbe ni njaa ya umeme. Diski kadhaa huhukumiwa kifo kwa sababu hii tu. Na baadhi ya adapta hazipitishi taarifa za makosa vizuri: diski ikikwama kidogo, adapta inajitoa na kujirudisha.

Pakua SystemRescue (mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi), iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, zima Secure Boot (kinga inayozuia mifumo mingine kuwaka) kwenye BIOS ya kompyuta ya mezani, washa kutoka kwenye flashi. Chukua hii badala ya Windows kwa sababu haigusi diski yoyote mpaka uiamuru, na ddrescue (ya kunakili diski mbovu) na TestDisk (ya kutolea mafaili) zimo tayari. Angalizo dogo: kama Windows ya kompyuta ya mezani imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data za diski), kuzima Secure Boot kutaifanya idai ufunguo itakapowaka tena. Uwe nao karibu.

Ukishafika kwenye mstari wa amri:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya SERIAL na iliyoandikwa kwenye karatasi ya diski. Usitambue kwa ukubwa, TB 1 zinaweza kuwa mbili. Tuseme mbovu ni sdb, na ya kupokea ni sdc yenye patisheni sdc1:

blockdev --setro /dev/sdb
mkdir /mnt/nje
mount /dev/sdc1 /mnt/nje
ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Chanzo kinatangulia, mpokeaji anafuata. Ukigeuza, unafuta. Mstari wa setro wa juu upo kwa ajili hiyo: unaizuia sdb isiandikike hata mkono ukiteleza.

-d inasoma diski moja kwa moja bila kupitia hifadhi ya muda ya mfumo. -n inaiambia isikwangue sehemu ngumu sasa. Raundi hii inachota kila kinachotoka kirahisi. Hilo la tatu, diski.map, ni ramani ya nini kimesomwa na nini bado. Bila ramani hiyo umeme ukikatika unaanza upya kwenye diski ambayo huenda haina safari ya pili. Ukiwa nayo unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, weka UPS, au chomeka kwenye laptopu nyingine yenye betri nzima hata kama ni kwa USB 3 yenye waya wa miguu miwili (plagi mbili za USB, kuongeza umeme).

Kwa muda: diski ikisoma MB 100 kwa sekunde, TB 1 ni saa 2 na dakika 47. Kwa USB 2 kwenye MB 35 hivi ni karibu saa 8. Diski mgonjwa ichukulie siku nzima. Elekeza feni ya mezani kwenye diski. Kila nusu saa fungua dirisha la pili usome joto:

smartctl -A /dev/sdb

Ikivuka nyuzi 50, bonyeza Ctrl+C, zima, ipoe, endelea. Ila usiendeshe jaribio refu la SMART (diski kujipima yenyewe). Hilo nalo linasoma uso wote wa diski na halikupi faili hata moja.

Raundi ya kwanza ikiisha, angalia "rescued". Baada ya hapo tu ndipo unarudi kwenye vidonda:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Hiyo inajaribu mara 3 zaidi. Ongeza -R uisome kinyumenyume kama kuna bonge la sehemu isiyofikika. Mara nyingine kichwa kikija kutoka upande wa pili kinapata kilichoshindikana. Diski ikijipoteza katikati, zima kompyuta kabisa, washa, piga lsblk. Ikirudi kwa jina la sdd badilisha jina la chanzo tu, img na map zibaki zilezile.

---

PwaniByte

Kabla hajaanza, kuna jambo moja hamjamuuliza. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, bila hata kujua kuwa ana BitLocker. ddrescue itanakili tu, haijali. Lakini nakala itakuwa kelele tupu bila ufunguo wa tarakimu 48 (makundi 8 ya tarakimu 6). Ingia kwenye account.microsoft.com, sehemu ya vifaa vyako, uuandike kwenye karatasi leo. Kwenye Linux cryptsetup kuanzia toleo la 2.3 inafungua (loop1p3 hapa ni patisheni ya Windows ndani ya nakala):

cryptsetup open --type bitlk --readonly /dev/loop1p3 wazi

Ukiulizwa nywila weka zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Sekta mbovu haziambukizi nyingine, kila sekta imefungwa kivyake. Lakini PhotoRec (programu ya kuchimbua picha) ukiielekeza kwenye nakala ambayo haijafunguliwa haitaona hata picha moja.

---

NyotaYaKusi

Shukrani sana wakuu. Haina BitLocker, nimehakikisha. Nimepata diski ya TB 2, nimefuata kama ilivyo. Raundi ya kwanza saa 9. Ya pili saa 14. Mwisho inasema:

rescued 1000 GB, bad-sector 2867 kB, pct rescued 99.99%

Diski mbovu nimeichomoa. Sasa kwenye kufungua nakala:

losetup -r -P -f --show /mnt/nje/diski.img
/dev/loop1
mkdir /mnt/ndani
mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop1p3 /mnt/ndani

Inakataa: $MFTMirr does not match $MFT. Je, nimeshapoteza? Na zile 2867 kB zimeangukia mafaili gani?

---

Kebo_Fupi

Hujapoteza. Umepata matokeo mazuri kwa diski ya namna hiyo. 2867 kB ni vipande 700 vya 4096. Bisibisi alikuonya kwamba 238 ilikuwa hesabu ya maeneo yaliyoguswa tu.

Ujumbe huo maana yake moja ya vidonda huenda iko mwanzoni kabisa mwa MFT, daftari la NTFS linaloandika jina la kila faili na mahali lilipo. Kwa kawaida Windows huliweka kuanzia klasta ya 786,432, yaani kama GB 3.2 ndani ya patisheni. Rekodi nne za kwanza zina nakala yake pembeni, ndiyo hiyo MFTMirr, na mbili hizo hazifanani.

Rekodi moja ni KB 1. Kipande kimoja cha KB 4 kikifa ndani ya MFT, ni rekodi 4: mafaili manne yamepoteza majina na anwani, ingawa maudhui yao yapo salama mahali pengine kwenye diski. Kipande hichohicho kikifia ndani ya video, unapoteza labda mkwaruzo wa nusu sekunde. Kwa hiyo usiihukumu hasara kwa kilobaiti, ihukumu kwa mahali ilipoangukia.

Usilazimishe kupachika. Ondoa ile losetup na utumie TestDisk juu ya faili la nakala:

losetup -d /dev/loop1
testdisk /mnt/nje/diski.img

Chagua aina ya jedwali (kwa laptopu nyingi za sasa ni EFI GPT), Advanced, simama kwenye patisheni kubwa, kisha List. Yenyewe inasoma NTFS kivyake na kwa kawaida inapita pale ntfs-3g inapogoma. Unachagua folda kwa alama ya nukta mbili, kisha C kubwa kunakili zilizochaguliwa kwenda kwenye ile diski ya TB 1. Usichague chochote chenye neno Write au Repair. Ukitaka kabisa kurekebisha MFT, fanya kwenye nakala ya pili ya img, wala siyo hiyo pekee uliyo nayo.

Anza na Excel. Ndogo, na ndiyo isiyopigika tena. Mteja anaweza kusimama upya mbele ya kamera, deni halisimami.

Zile ambazo hazitaonekana kwenye List ndipo unapoiita PhotoRec. Hiyo haijali majina wala folda, inatambua picha kwa baiti zake za mwanzo. Itakupa recup_dir.1, recup_dir.2, na majina kama f1234567.jpg. Kwenye chaguo la aina za mafaili zima zote, washa jpg, aina ya RAW ya kamera yako, na mov (mp4 huingia humo). Usipozima utapata maelfu ya vijipicha vya kivinjari na aikoni za Windows. Faili lililotawanyika vipande vipande kwenye diski PhotoRec mara nyingi hulitoa limekatika. Video ndefu ndizo zinazoumia zaidi hapo.

---

Bisibisi_T6

Kuhusu lipi limeguswa na lipi halijaguswa, usifungue picha elfu kumi moja moja. ddrescue inaweza kujaza zile sehemu mbovu kwa neno la kutambulisha. Inaandika ndani ya img, kwa hiyo lifanye hili baada ya TestDisk kumaliza kunakili kwa mara ya kwanza:

printf "SEKTAMBOVU " > /tmp/alama
ddrescue -f --fill-mode=- /tmp/alama /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map

Kisha nakili tena folda ileile kwa TestDisk kwenda mahali pengine, na utafute:

grep -rl SEKTAMBOVU /mnt/toleo2/

Orodha itakayotoka ni ya mafaili yenye kidonda ndani. Yasiyotajwa yako mazima. Kama Windows iliyabana mafaili yenyewe (ule ubanaji wa NTFS, siyo zip), kwenye hayo neno huenda lisionekane, yafungue kwa mkono.

Kumbuka: faili likifunguka haina maana ni zima. JPEG yenye kidonda katikati hufunguka vizuri juu, halafu kuanzia mahali fulani kwenda chini ni kijivu au rangi zimehama. RAW nyingi zina JPEG ya kuonyeshea iliyofichwa ndani yake. Hata data ya RAW ikiwa imekufa, exiftool inaweza kukutolea hiyo (-b -JpgFromRaw au -b -PreviewImage, kutegemea kamera).

---

Mvumilivu_ICT

Samahani kudandia mada. Na mwenye SSD ya M.2 iliyopotea ghafla kwenye BIOS, njia ni hizihizi?

---

PwaniByte

Siyo sana. SSD haina milio ya kukuonya. Leo ipo, kesho BIOS haiioni au inaionyesha kwa ukubwa wa ajabu. Hapo ddrescue haina cha kusoma.

Jaribu haya tu kabla ya kukata tamaa. Ichomoe uirudishe, kisha uijaribu kwenye kompyuta nyingine. Hakikisha kasha la USB ni la aina yake: M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa umbo lakini makasha mengi ya moja hayasomi nyingine. Kwa SSD za SATA za inchi 2.5, zile za waya, iache ikiwa na umeme tu bila waya wa data kwa nusu saa, zima sekunde 30, rudia mara moja. Baadhi ya SSD zilizokatikiwa umeme ghafla hujipanga upya ndani zikiachwa hivyo. Ikirudi, nakili siku hiyohiyo.

Na kama tatizo ni kufuta kwa bahati mbaya, kwenye SSD izime papo hapo. Windows hutuma amri ya TRIM, na SSD ikishaipokea vile vipande vinarudi sifuri. Kwenye diski ya kuzunguka faili lililofutwa huweza kukaa miezi. Kwenye SSD huenda likaondoka kabla hujamaliza kujilaumu.

---

Jua_Kali_47

Nimekubali kuhusu chkdsk wakuu. Swali: kama ingekuwa kichwa ndicho kimekufa, si unanunua diski nyingine kama hiyo ukahamisha bodi ya chini? Skurubu ni tano sita tu.

---

Bisibisi_T6

Bodi siyo kichwa. Kichwa kiko ndani, chini ya kifuniko, na kukibadilisha kunataka hewa iliyochujwa na diski mfadhili ya modeli ileile, familia ileile na mpangilio uleule wa vichwa. Ukiifungua mezani ili "uangalie tu", chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko mwanya ambamo kichwa kinaelea.

Kubadilisha bodi ni dawa ya bodi iliyoungua: diski haizunguki kabisa, haina joto, haina mlio, labda baada ya umeme kurudi kwa kishindo au kuchomekwa adapta isiyo yake. Hata hapo huwezi kubandika bodi ya diski nyingine ikakubali. Kuna chipu ya ROM, kwa kawaida ina miguu 8, yenye vipimo vya diski hiyo moja ilivyopangwa kiwandani. Lazima ihamishwe kwenda bodi mpya, kwenye baadhi ya modeli imo ndani ya chipu kuu. Kabla ya yote hayo pima kwa mita ile dayodi ya TVS ya njia ya volti 5, karibu na plagi. Ikisoma shoti pande zote mbili, imejitoa mhanga kulinda bodi. Ikiondolewa, diski inaweza kuwaka kwa umeme ulio safi, ila haina kinga tena: nakili na uistaafishe.

Ukimpelekea fundi diski ya kichwa, muulize anaifungulia wapi na anatumia chombo gani. Anayefanya kazi hiyo kweli atakutajia kabati la hewa safi na kifaa kama PC-3000. Akikuambia "tunaigonga kidogo inaamka", irudishe mfukoni.

---

NyotaYaKusi

TestDisk imetoa GB 596 zikiwa na folda zake. grep imetaja mafaili 41. Mengi ni video, nyingi zinacheza. Picha 9 zina kijivu chini. Linalonisumbua ni moja: madeni.xlsx limo kwenye orodha, Excel inasema limeharibika na haiwezi kulitengeneza. Nina toleo la zamani la miezi 7, naweza kuunganisha?

---

Kebo_Fupi

xlsx ni zip iliyovaa jina jingine. Lichukue kutoka toleo la kwanza la TestDisk, lile lisilojazwa neno SEKTAMBOVU. Nakili pembeni, lipe jina madeni.zip, fungua kwa 7-Zip. Ikilalamika kuhusu makosa ya CRC (namba ya kuhakiki uzima wa faili), bonyeza iendelee, inatoa kinachotoka. Kama Explorer ya Windows inakataa kabisa usiitumie, 7-Zip ina uvumilivu zaidi.

Ndani tafuta folda ya xl/worksheets: sheet1.xml, sheet2.xml na kuendelea. Hapo ndipo namba zilipo. Maneno yote ya kitabu kizima, majina ya wateja na maelezo, yako kwenye faili moja, xl/sharedStrings.xml, na kila seli ya maneno inabeba namba ya foleni tu. Angalia ni lipi limekatika. Likiwa ni shiti moja, nyingine zote utazipata. Likiwa sharedStrings, namba zote zitabaki na majina yatapotea kuanzia pale lilipokatikia kwenda chini.

LibreOffice Calc ijaribu pia kabla hujaingia kwenye XML. Mara nyingi inafungua kitabu ambacho Excel imekikataa, inauliza tu kama itengeneze, unakubali.

Toleo la zamani lifungue pembeni ulinganishe kwa macho, safu kwa safu. Usichukue sharedStrings ya miezi 7 iliyopita ukaipandikiza kwenye shiti za sasa. Excel huweza kuipanga upya foleni hiyo kila inapohifadhi, na utakuta kitabu kinafunguka vizuri kabisa, hakuna kosa hata moja, ila deni la Juma limeandikwa jina la Asha.